Kuvaa kilti Uskoti: mtu baki akikuuliza "ndani kuna nini?" unamjibuje?

Mpambe_Mgeni

Wakuu, salaam.

Mwezi ujao nasimama mpambe kwenye harusi Edinburgh. Upande wa bibi harusi ni Waskoti, kwa hiyo wanaume wote wa msafara tunavaa kilti za kukodi, lile vazi lao la kiunoni lenye marinda. Vazi lenyewe halinisumbui, linanisumbua neno la njiani. Kutoka hotelini hadi ukumbini ni kwa miguu, kisha picha Royal Mile katikati ya watalii, na usiku treni ya kwenda Glasgow, Jumamosi, na walevi wake.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Lile swali la "ndani umevaa nini?"
2. "Sketi yako nzuri!"
3. "Wewe ni wa ukoo gani?" Kwa mtu mweusi naambiwa hili haliepukiki.
4. Wanaotaka kushika, kunyanyua au kupitisha simu chini.
5. Kile kisu cha kwenye soksi. Polisi hawaulizi?

Sitaki ugomvi, na sitaki kuwa sinema ya behewa zima. Nipeni maneno ya kutumia.

---

Bitana_Nzito

Mkuu, kabla ya maneno tuanze na nguo, maana kilti iliyokaa ovyo ndiyo inayoita maswali. Mtu anayejishikashika na kuivuta kila dakika anasomeka kwa mbali kuwa hana raha, na wachokozi humfuata huyo.

Kosa la kwanza hutokea dukani: watu hutoa kipimo cha suruali. Kilti haikai kwenye nyonga, inakaa kiunoni hasa, usawa wa kitovu. Pima hapo na utepe, usiseme namba ya jinzi yako. Ukitoa ya jinzi, itakuja ndogo ya kitovuni, utaishusha hadi nyonga, na pindo litafika chini ya magoti. Hapo ndipo inapofanana kweli na sketi. Pindo liishie katikati ya goti au juu yake kidogo.

Mpangilio wa kuvaa: shati, boksa, soksi na viatu KWANZA. Kamba za vile viatu vya wazi huzungushwa kifundoni na kufungwa mbele, kazi ya kuinama muda mrefu. Ukiivaa kilti kabla ya viatu, umeinama tayari mbele ya watu na swali namba moja limejijibu lenyewe.

Sasa kilti. Marinda yanakaa nyuma (marinda ya kitambaa, wahuni mtulie), bapa mbele. Shika kilti nyuma yako, leta ncha ya mkono wa kulia mbele ya tumbo hadi nyonga ya kushoto. Kamkanda kake kapitishe kwenye tundu lililopo kiunoni kushoto, ukafunge kwenye bizimu la nje. Tundu hilo wengi hawalioni. Wakiliruka, bapa la ndani linateleza na mwendo wote unakuwa wa kujishika. Kisha leta ncha ya kushoto juu yake hadi kulia, funga mabizimu mawili. Ukingo wenye nyuzinyuzi unatokea kulia kwako. Ukitokea kushoto, umeigeuza.

Pini inachomwa kona ya chini kulia, kwenye bapa la JUU PEKE YAKE. Watu hudhani kazi yake ni kufunga, wanaichoma tabaka mbili. Ukipiga hatua ndefu au ukikaa kitambaa kinachanika na amana ya dukani imekwenda. Sporani, kile kipochi cha mbele, ining'inie upana wa kiganja chini ya bizimu la mkanda. Ikishuka zaidi ya hapo inagonga kila ukitembea na inakuwa mada yenyewe.

Uliza pia uzito wa kitambaa. Kilti kamili ya sufu hula yadi 8, kama mita 7.3, na ile ya wakia 16 kwa yadi inaning'inia nzito, upepo wa kawaida hauiwezi. Ya wakia 13 inatosha kwa harusi. Zile za nyuzi za viwandani ni nyepesi, hupeperuka kama bendera. Kwa Edinburgh sizishauri kabisa.

Na ndiyo, vaa boksa. Fupi, nyeusi au ya rangi iliyokolea, isiyozidi nusu ya paja. Nyeupe inang'aa ukipanda ngazi. Sufu inakwaruza, na kilti ya kukodi itavaliwa na mwingine wiki ijayo. Mwaka 2010 hata Scottish Tartans Authority, watu wa tartani (kitambaa cha miraba cha kilti) wenyewe, walitamka kwamba kwenda bila kitu ndani ni utoto na si usafi. Wapo waliowakasirikia, lakini wachezaji wa mashindano ya ngoma za Highland, yaani nyanda za juu za Uskoti, huvaa kitu ndani, na wale wanaorusha magogo kwenye michezo ya jadi huvaa kaptura. Habari ya kwenda bila kitu ni ya askari zaidi, na wewe huendi vitani.

---

Kijiwe_cha_Leith

Naongezea namba 1, maana ndiyo utakayoisikia mpaka uichoke.

Jibu zuri lina sifa tatu: ni fupi, linasemwa kwa tabasamu, na halina mkia. Mkia ni kile kipande kinachomkaribisha muulizaji aendelee. Unalisema huku unatembea, husimami. Ukisimama umefungua kikao.

Yanayofaa:

"Ndani kuna nini?" – "Magoti, soksi na viatu." Umejibu kitu cha kweli, wenzake wanamcheka yeye, safari inaendelea.

"Umevaa kitu kweli?" – "Nimevaa kilti." Unaitamka kwa uso mkavu kama mtu anayetaja saa.

"Huoni baridi?" – Hili si uchokozi mara zote, wengine wanauliza kweli. "Sufu mita saba, wewe na jinzi yako ndiye mwenye baridi." Na si mbali na kweli, kwa sababu marinda yanarundika tabaka juu ya tabaka mgongoni.

Lipo jibu la zamani ambalo kila Mskoti analijua. Linategemea neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, kuvaliwa na kuchakaa: mtu anauliza kama kuna kilichovaliwa ndani, unajibu hakuna kilichochakaa, vyote vinafanya kazi kama siku ya kwanza. Ukilihamisha kwa Kiswahili linakufa, maana "kuvaa" na "kuchakaa" kwetu hayakutani. Kwa Kiingereza linafaa kwa mzee wa miaka sabini aliyeuliza akiwa na bia mkononi, kwani anangoja kulisikia. Kwa kijana mlevi usilitumie, litamfanya aulize la pili.

Kwa wageni Waswahili wa upande wenu ukumbini, jibu limeshatungwa siku nyingi: "Siri ya mtungi aijuaye kata." Unaondoka.

Yasiyofaa ni mawili. La kwanza, "unataka kuona?" Usilitamke hata kwa utani. Mtu akinyoosha mkono baadaye atasema ulimkaribisha, na ukimwambia mwanamke usiyemjua, mchokozi sasa ni wewe. La pili, kunyanyua mwenyewe ili kumkomesha muulizaji. Barabarani, tena mbele ya watoto, hiyo ni kesi, na hapo hutamwambia polisi kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Kuhusu sketi: usifundishe. "Ni kilti," basi. Ukianza mhadhara wa tofauti zake ameshapata alichotaka, yaani kukuona umeguswa. Akiuliza kwa nia njema, sentensi moja inatosha: marinda nyuma, bapa mbele, haijashonwa ikazunguka, inafunguka yote kama shuka.

---

Mzee_Tartani

Namba 3 ndiyo yenye mambo, na ndiyo inayoweza kukuumiza usipojiandaa, kwa sababu swali hilo lina sura mbili. Mskoti anaweza kuliuliza kwa udadisi wa kawaida, kwani wao kwa wao pia huulizana. Mwingine analiuliza akimaanisha "hili si lako". Maneno ni yaleyale, kwa hiyo jibu la kwanza liwe moja kwa wote, la ukarimu. Nia yake utaijua kwenye sentensi yake ya pili.

Kazi yako wiki hii: pigia duka ulipokodi, uliza jina la tartani yenu. Kutojua jina la kitambaa ulichovaa ndilo tundu pekee ambalo mchokozi anaweza kulipitia.

Ikiwa ni ya ukoo wa bibi harusi: "Ni ya familia ya bibi harusi, tumeivaa kwa heshima yao." Hakuna Mskoti atakayebishana na hilo.

Ikiwa ni Black Watch, ile ya kijani na buluu iliyokolea: "Black Watch, ya kikosi cha jeshi, haihitaji ukoo." Hiyo, Royal Stewart nyekundu na Caledonian huvaliwa na yeyote, ndiyo maana maduka ya kukodi yanazo tele. Hakuna sheria inayokuzuia kuvaa tartani ya ukoo usio wako. Inayotengwa kwa desturi ni Balmoral, ya familia ya kifalme, na hiyo hutaikuta kwenye rafu za kukodi.

Akisukuma na "lakini si ya asili yenu", unaweza kumpa historia kwa pumzi moja. Vazi la Highland lilipigwa marufuku na Bunge la London kwa sheria ya 1746, ikaanza kazi Agosti 1747, ikafutwa 1782. Likarudi kwa kishindo 1822 mfalme George IV alipozuru Edinburgh amevaa kilti, mapokezi yakiwa yamepangwa na mwandishi Walter Scott. Mpangilio wa "ukoo huu, mistari hii" kwa sehemu kubwa ulikaa sawa baada ya hapo, karne ya 19. Mababu wa huyo anayekuuliza, kama walikuwa wa nyanda za chini, huenda hawakuwahi kuligusa vazi hilo. Leo kuna rejista ya serikali ya tartani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008, na ndani yake mna tartani za Masingasinga na za Wayahudi wa Uskoti.

Lakini historia hiyo ni ya mezani. Barabarani jina la tartani linatosha. Kama ameshaonyesha kuwa shida yake ni rangi yako, hastahili hata jina la kitambaa. Geuka ongea na mwenzako.

---

Wakili_Asiyelipwa

Namba 4 na 5 kwa ufupi wa kisheria.

Kupiga picha chini ya kilti ya mtu bila ridhaa ni kosa la jinai Uskoti. Liko kwenye sheria ya makosa ya kujamiiana ya 2009, iliyoongezewa vifungu 2010, na haibagui kama aliyepigwa ni mwanamume au mwanamke. England na Wales wameweka kosa lao kuanzia 12 Aprili 2019. Kwa hiyo huyo mwenye simu akisema "utani tu", ni utani wenye kifungu. Kunyanyua kilti ya mtu au kuingiza mkono kunaweza kuhesabiwa kuwa shambulio, na mlevi wa kike hana msamaha ambao mlevi wa kiume hana.

Kwa vitendo: mkono ukija, rudi hatua moja, ugeukie huo mkono ili marinda yawe upande wa ukuta, sema kwa sauti inayosikika na meza ya pili: "Usinishike." Neno moja, bila tabasamu. Watu hukosea hapa kwa kucheka ili wasionekane wakali. Kicheko kinatafsiriwa kuwa ruhusa na mkono unarudi. Usimsukume, maana kamera itaanza kurekodi pale uliposukuma wewe. Mwite mhudumu wa baa au mlinzi. Ndani ya treni, polisi wa reli hupokea ujumbe mfupi kwa 61016, unaandika namba ya treni na behewa bila kuinua sauti. Hatari ya papo kwa papo ni 999, isiyo ya dharura 101.

Kisu cha soksini, sgian-dubh (tamka "ski-an-du"): kubeba kisu hadharani ni kosa, lakini sheria ya Uskoti ya 1995 inakubali vazi la kitaifa kuwa utetezi. Utetezi huo unasimama na vazi. Ukibadili suruali usiku ukakiweka mfukoni, umebaki mtu mwenye kisu. Kinakaa soksi ya mkono unaotumia, nje kidogo ya muundi, mpini ukichungulia sentimita 3 au 4. Usikitoe kumwonyesha mtu, hata akiomba kwa adabu. Ukumbini wapo wanaokitoa kukatia keki na hapo sawa, barabarani hapana. Maduka mengi hutoa cha plastiki, mpini tu. Chukua hicho. Akiuliza mtu: "Cha plastiki," mada imekufa. Ukisafiri kwa ndege na cha chuma, kiende kwenye begi la chini ya ndege.

---

Mpambe_Mgeni

Asanteni sana wakuu. Mawili bado. Ngazi na treni nafanyaje? Na shangazi wa bibi harusi ameshatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la harusi kwamba atafanya "ukaguzi" siku hiyo. Huyo simjibu kama mlevi wa treni.

---

Bitana_Nzito

Ngazi: Waverley Steps, zile za kutoka stesheni kwenda Princes Street, zina sifa mbaya ya upepo. Zina ngazi za umeme pembeni. Panda hizo, simama kiubavu, mgongo ukielekea ukuta, mkono mmoja umelaza marinda nyuma ya paja. Kupanda ngazi za kawaida, mwache mwenzako mwenye kilti awe nyuma yako, asiwe mtu baki.

Kukaa: pitisha kiganja nyuma kutoka kiunoni kushuka, laza marinda, ndipo ukae. Ukikaa bila kuyalaza yanajikunja, ukisimama una mkia wa bata na kila mtu ana la kusema. Sporani iangukie katikati ya mapaja, ndiyo nanga yako. Magoti karibu, usiweke mguu juu ya mwingine. Ndani ya treni chukua kiti cha dirishani, koti likae mapajani. Hadi Glasgow Queen Street ni kama dakika 50, unaweza hata kujifanya umelala.

Kwenye ngoma za ceilidh, dansi zao za jadi, sogeza sporani iende nyongani, la sivyo itakupiga wewe na unayecheza naye. Mkizungushwa kwa kasi marinda yatainuka, hakuna namna. Boksa nyeusi.

---

Mama_Kilwinning

Shangazi mwachie mimi. Utani wa wanawake wazima wa Kiskoti kwenye harusi ni wa kukupokea, anayekutania ameshakuhesabu wa nyumbani. Ukimjibu kwa ukali umemvunjia heshima mbele ya ndugu zake. Mpe uso wa mtoto mwema: "Shangazi, nimekaguliwa na duka, nina risiti." Au umpe mkono mcheze, maana akishika mkono hashiki kilti. Akizidi, mwambie bibi harusi, si bwana harusi. Shangazi atamsikia mtoto wa ndugu yake kabla hajamsikia mkwe.

Kitu ambacho hamkukitaja ni mpiga picha. Karibu kila harusi ya kilti kuna mmoja anayewapanga wanaume mgongo kwa kamera na kusema "haya, nyanyueni." Picha hiyo inaishia mtandaoni na hutaitoa. Mwambie bwana harusi mapema, wiki hii, kwamba wewe picha hiyo hushiriki. Siku yenyewe, wakijipanga, shika koti na simu za wenzako usimame upande wa mpiga picha. Mwenye mikono miwili imejaa hakuna anayemwita kwenye mstari.

---

Kijiwe_cha_Leith

Halafu ile methali ya mtungi na kata, mkuu, usimpe mke wa mtu. Nimeisoma tena, nimeona inakoelekea.